Sikupiga Nduru, Wafula

Wafula, mtoto wa mama yangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo usije ukasema nilikuzungusha. Wengine huwaandikia wafu wao wakilia. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka siku tulipokuzika nyumbani Bungoma, na leo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yako. Nusu ile ingine nitawagawia wengine hapa mbele, maana wanaoistahili ni wengi na kila mmoja atapata yake.

Ni hivi. Nimevamiwa. Mchana kweupe, ndani ya hoteli yangu hapa Kiminini, nikiwa na mwiko mkononi. Na kwa sababu ya vile ulivyokufa, sikupiga nduru. Na kwa sababu sikupiga nduru, karibu wanishtaki mimi.

Tulia nikueleze, usianze ile tabia yako ya kuuliza mwisho kabla ya mwanzo.

Ilikuwa ile saa watu wa steji ya matatu wamekula na kuondoka, na wa chai bado hawajaja. Nilikuwa nakwangua ukoko wa ugali kwa ule mwiko ulionichongea nilipofungua hoteli. Unakumbuka nilivyokucheka? Nilikuuliza kama ni mwiko ama ni mpini wa jembe, ukanuna, ukasema, "Siku moja utanishukuru." Basi, asante. Umefurahi sasa?

Aliingia kijana mmoja. Shati safi, salamu safi. Akaagiza chapati na maharagwe, akala akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati, hata akasema asante mama. Mimi nikamwonyesha maji ya kunawa kule nyuma karibu na jiko. Alipofika nyuma yangu akanikaba shingo kwa mkono mmoja, na kisu kikanigusa hapa chini ya sikio. Akasema nitoe simu na pesa ya mauzo na nisithubutu kupiga kelele.

Sikufikiria chochote, Wafula. Watu wananiuliza nilifikiria nini, kana kwamba palikuwa na kikao. Nilirusha mwiko nyuma ukampata mkono wa kisu, nikasikia mfupa. Kisu kikaanguka. Akainama kukiokota kwa mkono ule mwingine, na hapo ndipo nikamgonga kichwa. Mara moja. Akalala chini kati ya benchi na jiko, damu ikaanza kumtoka juu ya sikio. Nami shingoni damu yangu ilikuwa inateremka kwenye kola, lakini nilikuja kuijua baadaye.

Kinywa changu kilifunguka chenyewe. Unajua tulivyolelewa. Kwetu nduru ndiyo polisi, ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo kila kitu. Mtu akipiga uwi, unaacha mtoto kwenye karai la kuoga, unakimbia na kile kilicho mkononi. Huulizi. Ukiuliza, wewe ni mchawi ama ni mwenzake na mwizi. Hata mimi nimekimbia hivyo mara nyingi, na mara nyingi tumekuta ni nyoka tu juu ya paa.

Nduru ilikuwa imefika kwenye meno. Halafu nikamtazama huyo kijana pale chini, nikaona viatu vyake. Raba nyeusi zilizoshonwa upande, kama zile tulizokuvalisha siku ya kukuzika. Nikajua hesabu itakavyokwenda: mimi nitapiga uwi, steji yote itajaa hapa kabla sijamaliza kuvuta pumzi, na watakaofika hawatauliza. Nitakuwa nimemwitia watu na mawe. Nikaimeza ile nduru. Iliniuma ikishuka.

Ona sasa ulichonifanyia. Mtu amenivamia, nimejiokoa, na badala ya kulia kama watu, nasimama pale namlinda yeye.

Ndipo nikakumbuka ile namba ya dharura. Siku ya mazishi yako pasta aliuliza, mbele ya jeneza, kwamba katika umati wote ule hakuna hata mmoja aliyekuwa na simu? Nikaiweka ile namba kwenye simu jioni hiyo hiyo. Sikuwa naiamini. Nilidhani ni namba ya vitabu vya shule tu. Lakini nilipiga, na ikashikwa.

Wafula, yule binti! Sauti changa, pole pole kama anayepima sukari. Nikamsalimu, "Habari ya mchana, dada." Nikamwambia naitwa Nasimiyu, binti wa marehemu mzee Wekesa wa Bungoma, nikamtajia na ukoo wa baba na wajomba zetu, kwa sababu huwezi kumwambia mtu umemgonga mtu kabla hajajua wewe ni nani. Si ndivyo baba alivyotufundisha? Taja watu wako kwanza, ndio mtu ajue anaongea na nani. Yule binti akaningoja nikamaliza. Akasema, "Sawa mama. Uko wapi?"

Nikamwambia niko hapa hotelini.

"Hoteli gani, mama? Kaunti gani?"

Kwani kuna Kiminini ngapi? Nikamwambia ukitoka Kitale ukifika Kiminini usipite steji, uliza hoteli ya Nasimiyu, kila mtu anaijua. Akasema, "Mama, nitamuuliza nani na mimi niko kwa simu?" Aki ya nani, nilitamani kumfikia huko aliko. Damu inatiririka kuelekea kwenye gunia la mkaa, na mtu anataka nimtajie jina la barabara ambayo haijawahi kupewa jina!

Akauliza kama niko salama. Nikasema sijui. Akauliza kisu kiko wapi. Nikakitafuta, nikakisukuma chini ya jiko kwa mguu, nikamwambia. Akauliza nilimpiga na nini. Nikasema mwiko. Akauliza, "Mwiko wa kawaida, mama?" Nikamwambia hapana, mwiko wa ndugu yangu. Akauliza, "Anapumua?" Nikaanza kumweleza vile alivyoingia na shati lake safi, akala maharagwe. Akasema, "Nimekusikia mama, lakini anapumua?"

Kila nilipoanza jambo, alinirudisha hapo. Anapumua? Angalia kifua. Chukua kitambaa safi, kandamiza pale panapotoka damu, usiinue kuangalia. Nikavua leso yangu kiunoni, nikapiga magoti, nikakandamiza, simu nimeibana kwa bega. Nikamwita mjinga, Wafula. Nilimwambia, "Wewe msichana ni mjinga, hauna mama?" Akajibu, "Niko naye, mama. Endelea kukandamiza."

Nikamwomba gari likija lisipige king'ora, maana king'ora nacho ni nduru ya serikali, kitawaita watu wote wa soko. Akasema hawezi kuahidi, lakini atamwambia dereva.

Sasa sikia nilivyojiharibia. Nilikuwa nimerudisha mlango na kuweka benchi nyuma yake, ili mtu asiingie akaona damu. Mteja mmoja akabisha, anataka chai. Nikapaza sauti nikamwambia chai imeisha. Halafu akaja Mama Chebet, unamkumbuka, yule jirani yangu wa Mlima Elgon anayeuza vitunguu hapo nje, ambaye ulikuwa ukimtania kwamba anaongea na vitunguu vyake. Akauliza, "Nasimiyu, mbona umefunga saa hii?" Nikasema nimemwaga mafuta, sakafu inateleza, angoje. Akasema, "Haya." Mama Chebet ni mtu wa haya tu. Angekuwa mbea kidogo angenisaidia.

Gari la wagonjwa likaja kimya. Nalo liliuliza njia kwa watu wa bodaboda, nilijua tu. Wakambeba kijana akiwa hai, wakampeleka Kitale. Polisi nao wakaja, nikawaeleza kila kitu, wakanifunga shingo plasta, wakachukua kisu, wakachukua na mwiko. Nikamwuliza afande kesho nisonge ugali na nini. Akasema huo sasa ni kielelezo cha kesi. Kielelezo! Mwiko wako, Wafula, wakaupeleka kituoni wameufunga kwa nailoni kama nyama, nami nikabaki nasonga ugali wa watu wa steji kwa kijimwiko cha dukani kinachopinda kama sikio la mbuzi.

Nikadhani yameisha.

Yule kijana alipoamka huko hospitalini Kitale, unajua alisema nini? Alisema yeye ni mteja. Ati alikataa kulipa kwa sababu maharagwe yangu yalikuwa na mawe, ndipo nikampiga na mti. Kisu? Kisu ni cha hoteli, si kila hoteli ina kisu? Na mkwaruzo wa shingoni nilijikwaruza mwenyewe.

Maharagwe yangu na mawe! Wewe umekaa kwenye lile benchi ukiniona ninavyochambua maharagwe, moja moja, mpaka ukasema nayaangalia kama mtu anayetafuta mchumba. Hilo la kuniita mwongo nilikuwa tayari kulisamehe. La mawe, hapana.

Mpelelezi akaniita. Kijana mpole wa watu, ananiita mama, ananivutia kiti. Lakini maswali yake yalikuwa yamekaa mstari mmoja kunielekea. "Mama, mwanamke akivamiwa hupiga nduru. Wewe hakuna mtu aliyekusikia." Mama Chebet alikuwa ameulizwa, na yeye hajui kudanganya, akasema alikuwa hapo hapo nje na hakusikia hata kikohozi. "Ulipata nafasi ya kupiga simu, ukakosa nafasi ya kupiga nduru? Ukafunga mlango? Ukamfukuza mteja? Ukamdanganya jirani? Mtu aliyevamiwa hufungua mlango, mama. Anayefunga ni mwenye kuficha."

Niambie wewe, ningemjibu nini? Kila nilichofanya ili yule kijana asife kilikuwa kimegeuka kuwa ushahidi kwamba nilitaka kumuua. Nilimweleza habari zako. Akainamisha kichwa, akasema pole sana mama, lakini hilo ni jambo lingine. Akaniambia nisitoke Kiminini, na kwamba huenda nikashtakiwa kwa kujeruhi. Nikarudi nyumbani nikijiuliza nani atafungua hoteli nikiwa ndani, na nani atamtumia mama sukari.

Na watu, Wafula! Kanisani akina mama wananitazama kama niliyekula sadaka. "Lakini Nasimiyu, kwani hata uwi kidogo ilikushinda?" Mama naye akaja kutoka Bungoma, hajavua hata viatu, anaanza: "Mtu amekushika shingo na wewe unapiga simu? Nilizaa mtoto ama nilizaa opareta?" Nikamwambia, "Mama, niliona viatu vya Wafula." Akaenda nje akakaa na Mama Chebet, wakachambua vitunguu wote wawili mpaka jua likashuka. Aliporudi hakuliuliza tena jambo hilo.

Kwa kuwa nimemtaja mama, nikupe habari zake. Yule ndama wako yuko. Amekuwa ng'ombe mzima, amezaa, na doa lake jeupe kwenye paji amempa mtoto wake vile vile. Mama anamkamua asubuhi na jioni, lakini maziwa yale hanywi. Anawagawia majirani, anasema tumbo lake linakataa maziwa siku hizi. Linakataa ya huyo ng'ombe peke yake. Hatumsemi.

Mimi nikimwona huyo ng'ombe, hasira yangu inarudi kwako moja kwa moja. Kwa nini hukukimbia, bana? Ulikuwa umemnunua asubuhi hiyo kwenye soko la mji wa Kwanza, kamba mkononi, unatembea zako kurudi. Mwanamke mmoja kwenye shamba la mahindi akaona doa jeupe, akadhani ni ndama wake aliyepotea, akapiga nduru. Watu wakaacha majembe wakaja. Na wewe, na miguu yako mirefu hiyo, wewe uliyekuwa ukishinda watu wote kwa mbio shuleni, ukasimama! Ulisimama na ndama wako kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Aliyetueleza ni mzee mmoja wa huko Kwanza aliyekuja kwenye matanga. Alisema alikuwepo, lakini alikuwa nyuma. Wote waliokuja kutupa pole kutoka huko walikuwa nyuma, Wafula. Sijui mbele kulikuwa na nani. Akasema ulitabasamu, ukasema, "Hamjambo wazee." Ukaanza kujitaja, mimi ni Wafula, mtoto wa marehemu mzee Wekesa wa Bungoma. Jiwe la kwanza lilikupata kabla hujafika kwenye ukoo. Na aliyekuuzia alifika hapo hapo akitweta, akipiga kelele kwamba huyo ndama ni wa huyo kijana, wakati hapakuwa tena na wa kuambiwa.

Basi. Nilitaka kumaliza barua hii kwa hasira yangu ikiwa nzima, lakini juzi mpelelezi akaniita tena.

Nikaenda nimevaa nguo ya kanisani, nikijua wananiweka ndani. Akanivutia kiti. Akasema wameletewa ile sauti ya simu yangu, kwamba huwa inahifadhiwa. Akabonyeza. Nikajisikia, Wafula, sauti yangu nyembamba kama ya mama, "Habari ya mchana, dada." Nikataja baba, nikataja ukoo, nikataja wajomba. Askari mwingine pale kwenye meza akacheka, mpelelezi akamtazama akaacha. Nikamsikia yule binti anauliza, mimi namfokea, anauliza tena. Nikajisikia nikimwita mjinga. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Halafu, chini ya sauti yangu, karibu na sakafu, kukawa na sauti nyingine. Mimi sikumbuki kuisikia siku ile, nilikuwa nabishana na binti kuhusu barabara. Ni yule kijana. Alikuwa analia. "Mama, usipige nduru. Chukua kisu hicho, nimekiacha, lakini usipige nduru. Wataniua, mama. Nisamehe, nilitaka simu tu."

Mpelelezi akairudisha, tukasikia tena. Akasema, "Mteja aliyepigwa kwa sababu ya maharagwe angepiga nduru yeye mwenyewe." Akaniambia walikuwa wameshampelekea yule kijana sauti yake huko hospitalini, akageukia ukutani, akakubali yote. Hata ya mawe alikubali kwamba hayakuwepo. Hilo nilimwomba mpelelezi alirudie mara mbili.

Nilitoka na mwiko wangu kwapani, wamenirudishia. Ningefurahi, si ndiyo? Nikakaa kwenye benchi la nje. Kwa sababu nilikuwa nimeisikia ile simu mwanzo mpaka mwisho, na jambo moja lilikuwa limebaki nami. Yule binti niliyemwita mjinga hakunijua. Hakujua kama mimi ni mwizi ama nimeibiwa, kama nimeua ama naongopa. Na aliniuliza. Uko wapi, uko salama, ulimpiga na nini, anapumua? Nilimtukana, akauliza tena. Niliposema upuuzi wangu wa ukoo na wajomba, alingoja nikamaliza.

Wewe ulianza vile vile, Wafula. Salamu ile ile, jina la baba lile lile. Na katika wale watu wote hakuna aliyekuuliza swali hata moja. Ndama ni wa nani? Ni maneno matatu manne tu. Ningempa aliyeuliza hayo hoteli yangu yote, na sufuria zake.

Hapo ndipo nililia, nje ya kituo cha polisi na mwiko kwapani, watu wakapita wakidhani nimefiwa jana.

Sasa nakuacha upumzike. Hasira yangu kwako naiweka chini, kwa leo. Nikimwona ng'ombe wako nitaiokota tena kidogo, utanivumilia. Mwiko wako una ufa mdogo lakini bado unasonga. Mama anakusalimu, hasemi, lakini anakusalimu.

Na nakuahidi hivi. Nikisikia nduru hapa Kiminini, nitakimbia kama wengine, na mwiko huu huu mkononi. Lakini sitakaa nyuma, nyuma kumejaa. Nitapenya mpaka mbele, nisimame juu ya huyo aliyeshikwa, na nitauliza kwa ile sauti yangu ya kuita wateja: wewe ni nani, ni mtoto wa nani, na hiki ulichoshika ni cha nani? Na nitamngoja ajibu. Hata akianza na hamjambo wazee, nitamngoja mpaka afike kwenye ukoo.

Dada yako,
Nasimiyu